Ligi za Kulisha

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya wapenzi wa besiboli, umo mmoja uitwao Out of the Park Baseball, ambao Mjerumani Markus Heinsohn aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Anayeucheza hashiki gongo wala harushi mpira. Yeye ni mwenye timu, au meneja, au ni zaidi ya hao wawili: ni mwenye dunia. Akitaka huunda ligi nzima kwa mkono wake, akaamua iwe na timu ngapi, msimu uwe na mechi ngapi, na miji ya timu hizo iitweje. Kisha hukaa pembeni akaiacha miaka ipite, kumi, ishirini, hata mia, akawa anasoma takwimu kama mtu asomavyo tarikhi ya ufalme.

Muumba huyo hukutana mapema na swali moja. Wachezaji wapya watoke wapi? Kila mwaka wakongwe hustaafu, na ligi kubwa hudai damu mpya. Njia nyepesi ni kuiachia programu kazi hiyo. Ikifika siku ya uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, programu hufyatua vijana kwa mamia papo hapo, kila mmoja na jina lake, umri wake na kipaji chake, kama matofali yatokavyo kwenye kalibu. Wana miaka 18 au 21, lakini jana hawakuwapo. Njia ya pili ina kazi. Ni kuunda, chini ya ligi kubwa, ligi za ridhaa za skuli na vyuo, zenye timu, ratiba na mabingwa wake, ambamo vijana huingia wangali wadogo, hucheza, hukua au hudumaa, na siku ya uteuzi huwafikia wakiwa na mambo waliyokwisha kuyatenda. Hizi huitwa ligi za kulisha, kwa kuwa kazi yake ni kuilisha ligi iliyo juu.

Wengi hawajisumbui nazo. Anayejisumbua hufanya hivyo kwa sababu ambayo si ya kipuuzi hata kidogo: anataka nyota wake awe na alikotoka. Nyota aliyefyatuliwa aweza kuwa na uwezo uleule, kwa tarakimu zilezile, lakini hana asili. Hakuna mechi aliyoipoteza akiwa na miaka 16, hakuna mji uliomshangilia kabla ya dunia kumjua. Mswahili hulielewa jambo hili upesi, maana akipata mgeni hamwulizi kwanza anaweza nini, bali humwuliza u mtoto wa nani na watoka wapi. Kete ya bao haina asili, na ndiyo maana huliwa bila majonzi. Haiulizwi jana ilikuwa katika shimo la nani. Huyu anayeunda ligi za chini anataka kete zake ziwe na jana.

Walakini jana hiyo ina bei. Ili kijana mmoja apate historia, hapana budi mamia waumbwe ambao hawatapata kitu kingine ila historia. Watacheza naye, watacheza dhidi yake, watampigia mipira ya kumkomaza, kisha siku ya uteuzi majina yao hayatatajwa, nao watatoka kwenye orodha kimya kimya. Katika besiboli ya kweli ya Marekani hali si mbali na hiyo. Uteuzi wa kila mwaka ulianza mwaka 1965. Tangu 2021 una raundi 20, na timu ni 30, kwa hiyo majina yanayosomwa ni kama 600. Vijana wanaocheza mchezo huo katika sekondari za nchi hiyo ni zaidi ya laki nne.

Basi hapa pana swali la maadili ambalo halihusu kompyuta peke yake. Je, yafaa kitu kiwepo kwa ajili ya kingine tu? Na kama kitu hicho ni msimu wa mchezo, au ni skuli, au ni miaka minne ya maisha ya mtoto, kina thamani gani kwa yule ambaye hakuchaguliwa? Kwenye skrini hakuna anayeumia. Hao mamia hawana mama. Lakini jicho lililozoea kuwatazama hivyo huenda likatazama hivyo mahali pengine, ambako mama wapo.

Swali hili lina makazi yake Tanzania, na makazi hayo si besiboli. Besiboli yenyewe ni mche mchanga nchini, uliopandwa mjini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Makazi yake ni mpira wa miguu na mpira wa pete katika viwanja vya skuli, na mahali pazuri pa kulitazama ni mkoa wa Mara, baina ya Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu ambayo itajidhihirisha.

Mashindano ya skuli za msingi, yaani UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, yaani UMISSETA, hupandwa kama ngazi: skuli, kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Katikati ya mwaka timu za mikoa hukusanyika mahali pamoja. Mwaka 2019 na 2021 palikuwa Mtwara, na mwaka 2022 Tabora. Wanaoyafuatilia wanajua sifa moja ya ngazi hii ambayo mgeni aweza asiitambue. Timu haipandi. Anayepanda ni mchezaji. Katika kila daraja walimu huketi na kalamu wakachambua walio bora kutoka timu mbalimbali, wakaunda kombaini ya wilaya, kisha ya mkoa. Skuli iliyoshinda huvunjwa na ushindi wake: golikipa huitwa, wenzake kumi hurudi darasani. Hata neno ubingwa, katika madaraja ya chini, huwa limekwisha kuanza kufifia jioni ileile lilipopatikana, maana kila mtu anasubiri orodha.

Chukulia kijana wa kidato cha pili katika skuli mojawapo ya Butiama, beki wa kushoto. Huyu ni wa mfano tu, lakini wa sura yake wapo kila mwaka. Ameitwa timu ya wilaya, amelala kambini Musoma juu ya godoro alilolibeba mwenyewe, amekula wali na maharage na, siku moja, sato. Wilaya yake imecheza na Bunda. Winga wa Bunda alikuwa na mbio ambazo zilisemwa toka kambi haijaanza, na beki huyu alimkaba dakika zote, akamnyima njia ya pembeni, akamsukumia ndani kwenye miguu ya viungo. Mechi ikaisha kwa Butiama kushinda kwa bao moja. Baada ya magharibi mwalimu anasoma majina ya watakaobaki kambini kuunda timu ya mkoa. Jina la winga wa Bunda linasomwa, maana mbio ni mbio na mwalimu si mjinga. Jina la beki halisomwi. Asubuhi anapanda gari Bweri, anashuka Makutano, anatafuta gari jingine la Butiama, godoro likiwa juu ya keria.

Sasa ile mechi ilikuwa nini? Kwa hesabu ya ligi za kulisha ilikuwa mtihani, naye hakufaulu. Ilikuwa chujio, naye ni kile kilichobaki juu ya chujio. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ya skuli ilipata kusimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi masomo, na mashtaka yaliyosikika zaidi dhidi ya uamuzi huo yalikuwa kwamba timu ya taifa itakosa vipaji. Pande zote mbili ziliutetea mustakabali. Mmoja alitaka mtoto awe mhasibu, mwingine alitaka awe mshambuliaji wa taifa. Ni wachache waliosema kwamba mtoto acheze kwa kuwa ni mtoto na leo ni Jumamosi.

Kitenzi chenyewe cha kulisha kinastahili kutazamwa. Kula, kulisha, kulishwa, kuliwa: Kiswahili kimeyaweka maneno haya karibu mno, hata mtu akikosea kiambishi kimoja hujikuta upande wa pili wa sahani. Mama humlisha mtoto, na hapo mlishaji ndiye mkubwa, ndiye mwenye heshima. Mchungaji wa Kizanaki au wa Kikurya huwalisha ng'ombe, na bado mlishaji ndiye bwana wa mambo. Lakini ng'ombe hulishwa nini? Majani. Nayo majani yaweza kusemwa kwamba yanamlisha ng'ombe, ila kwa maana ya kwamba yanaliwa. Ligi ya chini inapoambiwa kwamba inailisha ligi ya juu, ni haki iulize: inalisha kama mama, au kama majani?

Njia ile ya Makutano, ambayo beki anairudia na godoro lake, ina kumbukumbu yake. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aitwaye Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza skuli Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilomita kama 40. Skuli ile ilikuwa ligi ya kulisha kwa maana kamili ya neno. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya Wazanaki wengi waliosoma. Ilihitaji wachache, na Mwisenge ilikuwa mahali pa kuwapatia. Mwaka 1937 jina la Kambarage lilisomwa. Akapelekwa skuli ya serikali ya Tabora, baadaye Makerere, baadaye Edinburgh, na yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa. Lakini madawati ya Mwisenge hayakuwa na mtoto mmoja. Waliosoma naye na kurudi vijijini walikwenda na herufi zilezile na hesabu zilezile, na tarikhi, pale inapowataja, huwataja kwa sifa moja tu, kwamba walisoma naye.

Ajabu ni kwamba huyu aliyeitwa ndiye aliyeandika hoja kali kuliko zote juu ya wasioitwa. Mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitazama hesabu bila ya kupepesa: katika watoto 100 waliomaliza skuli ya msingi mwaka ule, 13 tu ndio waliokuwa na nafasi ya sekondari, na 87 wangerudi nyumbani wakijihesabu wameshindwa. Kosa halikuwa la hao 87. Kosa lilikuwa la skuli, iliyopangwa kana kwamba wote watakuwa miongoni mwa wale 13, ikawafundisha watoto wote somo la kuondoka na kuwapa wengi wao tikiti isiyo na gari. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kwamba elimu ya msingi iwe kamili ndani yake yenyewe, mtu akiimaliza awe amemaliza kitu, si amekomea mlangoni pa kitu kingine.

Maneno hayo yakihamishwa kutoka darasani hadi uwanjani yanakaa vizuri bila kushonwa upya. Kila daraja la mchezo liwe kamili. Mechi ya Bunda na Butiama iwe mechi, si usaili.

Hapa, hata hivyo, ndipo penye mwiba, na hoja yoyote inayouruka haina uaminifu. Nani huyu anayemwambia mtoto wa mkulima kwamba ngazi ya chini inatosha? Aghalabu ni mtu aliyekwisha kupanda. Mzazi wa Butiama wa miaka ya 1970 aliyeambiwa kwamba mwanawe atajifunza kulima skulini alikuwa na jibu la haki kabisa: kulima anajua, na amejifunza kwa baba yake bila ada. Alimpeleka mtoto skuli ili aondoke. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba ngazi ipo, maana mtoto wa kijiji kilekile alikuwa Ikulu. Kwa hiyo shamba la skuli likaonekana adhabu, mtihani wa darasa la saba ukaendelea kuchuja kama awali, na kijijini yakabaki maneno mawili yaliyogawa watoto: fulani kachaguliwa, fulani kabaki. Kubaki, wapi? Kwao. Lugha ikaufanya utani wa kwao uwe jina la kushindwa.

Ilikuwa Musoma pia, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilijaribu kulikata bomba lenyewe. Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote, jambo lililoanza kutekelezwa mwaka 1977. Na kwa upande wa juu likaamua kwamba mwanafunzi amalizaye kidato cha sita asipite moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu, bali kwanza afanye kazi na apate ushuhuda wa waliofanya kazi naye. Lilikuwa wazo la ujasiri. Lilisema kwamba baina ya ngazi moja na nyingine pawe na maisha. Sharti hilo baadaye lililegezwa, kisha likaachwa. Lilikuwa na taabu zake za utekelezaji, lakini taabu iliyo kubwa zaidi ilikuwa ileile ya mzazi wa Butiama: anayeona mlango hataki kuambiwa akae sebuleni, hata sebule ikipambwa.

Basi zipo haki mbili na zinagongana. Mtoto ana haki ya kuikuta ngazi, na anayeivuta ngazi hiyo kwa jina la usawa anamdhulumu. Bila ya chujio la Mwisenge asingekuwapo mwandishi wa waraka ule unaolilaumu chujio. Na mtoto ana haki ya kutokuwa kipago cha ngazi, kikanyagwacho na mwingine apandaye. Kuichagua moja na kuisahau ya pili ni rahisi, na kila kizazi kimefanya hivyo kwa zamu.

Pengine kosa la mwaka 1967 halikuwa katika fikra bali katika heshima. Ilitakiwa ngazi ya chini iwe kamili, lakini heshima pekee iliyokuwapo iliendelea kutoka juu, yaani kuchaguliwa. Somo la ukamilifu haliwezi kufundishwa kwa hotuba ikiwa tuzo zote zinagawiwa mahali pengine. Skuli iliongezewa jembe, haikuongezewa kikombe. Viwanja vya mchangani, ambavyo hakuna waziri aliyevipangia falsafa, vimelielewa jambo hilo vizuri zaidi. Mashindano ya kijiji na kijiji yanayogombea mbuzi au ng'ombe hayamlishi mtu yeyote, isipokuwa waliomla mbuzi. Mwisho wake uko palepale. Mshindi hujulikana kabla ya jua kutua, nyama huliwa usiku, na aliyefunga bao hutajwa kwa bao hilo mpaka mbuzi wa mwaka ujao. Na mchezo wenye mwisho wake haumzuii mtu kupanda. Wapo waliotazamwa katika mechi za mbuzi wakachukuliwa na timu kubwa. Kuchukuliwa huko kukawa nyongeza, kusiwe ndiyo maana ya siku ile. Msomaji wa Visiwani aliyecheza katika ligi za vijana, za Juvenile, Junior na Central, hahitaji kuelezwa zaidi: ataikumbuka fainali ya Juvenile kwa jina la aliyekosa penalti, wala hatauliza waliocheza siku ile waliishia wapi.

Ipo sababu nyingine ya kutoiweka thamani yote juu, nayo ni kwamba juu hakuna mwisho. Mwaka 2018 Musoma ilipata kile ambacho ngazi yote ya mkoa ilikuwa ikikililia: Biashara United Mara, Wanajeshi wa Mpakani, walipanda Ligi Kuu. Katika msimu wa 2020/21 walimaliza wa nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, wakapata tikiti ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0. Mechi ya marudiano ilikuwa Libya, na timu haikufika. Safari haikufanikiwa, na Biashara wakatolewa mashindanoni wakiwa wanaongoza kwa mabao mawili. Msimu huohuo ulipokwisha, mwaka 2022, wakashuka daraja.

Mtu aweza kuusoma mkasa huu kama aibu, na wengi waliusoma hivyo. Lakini unasomeka pia kwa namna nyingine. Ligi Kuu yenyewe inalisha: wachezaji wake wanatazamia Afrika Kusini, Morocco, Uarabuni, Ulaya. Timu ya Mara ilifika ngazi iliyodhaniwa ni dari, ikakuta ni sakafu ya ngazi nyingine, ambayo tikiti yake ni nauli ya ndege. Kama thamani ya mchezo hupatikana pale tu usipomlisha mwingine, hakuna mtu wa Mara aliyewahi kuipata, na huenda hakuna mtu wa Afrika Mashariki. Hesabu hiyo ni ya uongo, na waliokaa katika Uwanja wa Karume mjini Musoma siku Simba au Yanga walipokuja wanajua ni ya uongo. Mchana ule haukuwa kipago cha kitu.

Marekani nako, mwaka 2021, ligi kubwa ya besiboli ilizipunguza timu za chini zilizofungamana nayo zikabaki 120, na zaidi ya timu 40 katika miji midogo zikajikuta hazina wa kumlisha. Ilionekana kwamba vijana wanaweza kukomazwa kwa gharama ndogo zaidi. Ndilo fungu la kitu kilichopo kwa ajili ya kingine: siku kile kingine kikipata chakula rahisi, hakuna wa kuulizwa. Baadhi ya miji hiyo iliendelea kucheza, ikawaita vijana wa vyuo waje wakati wa kiangazi, na watu wakaendelea kuja na watoto wao. Hilo nalo lafaa kukumbukwa.

Turejee kwa muumba wa dunia ndogo, aliyeketi mbele ya kompyuta yake akipanga ligi za skuli. Kuna jambo moja ambalo yeye hulifanya vizuri kuliko walimu wote wa michezo wa Mara, na hulifanya bila kukusudia. Dunia yake huandika. Beki wa kushoto wa besiboli hayupo, lakini yupo kijana wa kubuni anayelinda kona ya uwanja katika skuli ya kubuni, ambaye hatateuliwa kamwe. Na bado kila mpira alioudaka umo katika orodha, kwa tarehe, pamoja na jina la timu waliyocheza nayo. Akitaka, muumba aweza kuifungua jedwali ya ligi ya skuli ya miaka 30 ya kubuni iliyopita akajua nani alikuwa bingwa. Kijana ambaye hajapata kuishi ana kumbukumbu. Kijana aliyemkaba winga wa Bunda, mwenye mama, godoro na nauli ya Makutano, hana.

Huu ndio upungufu ulio mzito kuliko kutochaguliwa, na ni upungufu ambao hauhitaji Azimio. Kuchagua kutaendelea, kwa kuwa timu ya mkoa ina nafasi kumi na moja na wa akiba wachache, na hakuna fadhila itakayozifanya ziwe mia. Lakini matokeo ya mechi za wilaya huandikwa mahali gani? Kwenye karatasi ya mwalimu, ambayo baada ya orodha ya mkoa kukamilika haina kazi tena, kwa sababu ilikuwa karatasi ya kuchujia. Karatasi hiyo ikitupwa, mechi imekubali kwamba ilikuwa majani. Daftari moja la jalada gumu, lenye tarehe, mabao, majina ya kumi na mmoja wa kila upande, likiwekwa katika ofisi ya michezo ya kila wilaya na mwaka unaofuata likaendelezwa kutoka pale lilipoishia, lingeigharimu wilaya chini ya bei ya mpira mmoja. Halitampeleka mtu Ulaya. Litamwezesha mtu wa miaka 50 wa Butiama kumwonyesha mjukuu wake ukurasa.

Yule beki anashuka garini Butiama saa nne asubuhi, na bibi yake, aliyekaa barazani anachambua dagaa, halijui suala la orodha, wala hakuwahi kuelezwa kwamba mashindano yana madaraja. Anamwamkia, anaitikia, anasogeza ungo ili godoro lipite.

"Mmecheza na nani, mjukuu wangu?"

"Bunda, bibi."

"Ngapi?"

"Moja bila. Tumewafunga."

Anauliza nani alifunga, na winga wao yule wa mbio, ambaye hata yeye amemsikia, alikuwa wapi. Kijana analiweka godoro chini, anakaa juu yake, na kuanza kueleza.